Somo la Msimu wa Baridi: Mmoja Akisema "Turudi"



Baridi ikianza, mtoto anaweza kurudi kutoka shuleni na fomu ya ruhusa ya kwenda kuteleza kwa skii. Wa Louisville huenda wakapelekwa Paoli Peaks, Indiana. Wa Columbus, Mad River Mountain. Wa Buffalo, Kissing Bridge au Holiday Valley. Wazazi huniuliza: "Theluji hiyo haiwezi kumfukia mtoto?"

Ni swali la haki. Wengi wetu tumetoka Kivu, tunajua mlima unavyoweza kushuka. Mei 2023, kule Kalehe, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400.

Kwenye vilima nilivyotaja hatari hiyo ni ndogo sana. Njia zina alama na kuna walinzi. Mtoto avae kofia ngumu na glovu, wala asivuke kamba zilizowekwa. Hatari kubwa iko milimani, nje ya njia zinazolindwa. Februari 2000, kwenye mlima Wright Peak katika jimbo la New York, theluji iliporomoka ikawakumba watelezaji, na mmoja wao akafa.

Theluji huporomokaje?

Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja, na lililo juu likateremka lote, hasa kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Mara nyingi aliyefukiwa ndiye aliyeyaanzisha maporomoko, yeye au mwenzake.

Wanaokwenda huko hufundishwa mambo manne

1. Kusoma taarifa ya hatari kabla ya kutoka. Hupimwa kwa namba 1 hadi 5.
2. Kila mtu kubeba vifaa vyake: redio ndogo inayotoa ishara, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, tumaini ni kubwa; nusu saa ikipita, ni wachache wanaopona. Kwa hiyo mwokozi wako ni mwenzako aliye karibu.
3. Kuvuka penye mashaka mmoja mmoja, wengine wakitazama.
4. Yeyote akisema "turudi", wote wanarudi, hata kama aliyesema ni mdogo kuliko wote. Hachekwi.

Somo hili ni la nyumbani pia

Hata kama hutapanda mlima, jambo la nne linakuhusu. Kwetu, mkubwa ndiye huamua safari. Lakini hapa, mara nyingi mtoto ndiye anayesoma Kiingereza cha onyo linaloingia kwenye simu.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi, mdogo wangu alinisomea onyo la namna hiyo. Nilimjibu, "Wewe mtoto unajua nini?" Nikaondoka kwenda kazini, nikiogopa kufukuzwa. Gari lilikwama usiku, nikatembea kwa miguu hadi kwenye taa za kituo cha mafuta. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa siku kadhaa. Nilipona, lakini yeye ndiye aliyesema kweli.

Watu wa Buffalo wanakumbuka Desemba 2022. Kuanzia tarehe 23, upepo na theluji vilifunga mji zaidi ya siku nzima, hata magari ya zimamoto na ya wagonjwa yakakwama. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari, wengine nje kwa miguu.

Basi, serikali ikitoa amri ya kutoendesha magari, baki nyumbani. Mpigie msimamizi wako, na utunze picha ya amri hiyo kwenye simu. Ukikwama njiani, piga 911 na ubaki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini, ondoa theluji kwenye bomba la moshi. Umeme ukikatika, usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba: gesi yake haina harufu, na inaua.

Mzungumze leo mezani

- Nani atasoma maonyo ya hali ya hewa nyumbani kwetu?
- Mtoto akisema "baba, usiende", tutamsikiliza?
- Tutampigia jirani gani tukikwama?

Mkishindwa kusoma onyo lolote, mtuletee ofisini tulisome pamoja.