Shule ya Kijiji: Fedha Zinatoka Wapi, Nani Mwenye Kauli

Shule ya msingi ya serikali yenye wanafunzi 400 hupangiwa shilingi 200,000 kwa mwezi za kuiendesha. Yenye wanafunzi 150 hupangiwa 75,000. Humo ndimo zinamotakiwa kutoka chaki, karatasi za mitihani ya ndani, kitasa cha mlango wa ofisi, mpira wa watoto na nauli ya mwalimu anayepeleka taarifa wilayani. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, iliyoanza kulipwa mwaka 2016, nayo iliwekwa kuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa hiyo katika shule nyingi ndogo za Tanzania posho ya mtu mmoja inalingana na fedha zote za kuendeshea shule, au inazizidi. Sisemi posho ni kubwa. Nasema mfuko wa shule ni mdogo, na mzazi anayeujua ukubwa wake ataacha kumnyooshea mwalimu mkuu kidole kwa kila dirisha lililovunjika, aanze kuwauliza wanaohusika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, wakati shilingi 10,000 zilikaribia dola kumi za Marekani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kiwango kilibaki kilekile, ingawa dola kumi zilikwisha kuvuka shilingi 20,000. Katika hizo 10,000, shilingi 4,000 hubakizwa serikalini kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, sawa na 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Sekondari ya kutwa ina kiwango chake, shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu yake pia ni ya vitabu.

Zamani ruzuku ilipitia halmashauri, na njiani ilichelewa au kupungua. Tangu 2016 inatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Hilo ni jambo jema, na lilirahisisha ufuatiliaji: kiasi kilichoingia kinaonekana kwenye taarifa ya benki ya shule, si kwenye maneno ya mtu.

Hata hivyo utaratibu huu una kasoro ambayo shule ndogo za vijijini huilipia kila mwaka. Fedha zinafuata idadi ya vichwa, lakini gharama nyingi hazifuati vichwa. Nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya ni ileile, ukitoka shule ya watoto 120 au ya 1,200. Paa linaezuliwa na upepo bila kuuliza waliomo chini yake ni wangapi. Kwa sababu hiyo takwimu za uandikishaji si karatasi za kujaza tu. Mtoto asiyeandikwa hana ruzuku, na mtoto hewa akiandikwa, shule inapokea fedha za mtu asiyekuwepo, kosa ambalo wakaguzi wamezoea kulitafuta.

Mishahara ya walimu haimo kabisa katika mfuko huu. Inalipwa na serikali kuu, na walimu wapya hupangwa kutoka juu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulikia mambo ya utumishi wao, hasa nidhamu na vyeo. Lakini mwalimu akishafika wilayani, kumhamisha kutoka shule moja hadi nyingine ndani ya halmashauri ni kazi ya mkurugenzi. Kijiji chenye walimu watatu kwa madarasa saba, huku shule ya mjini ina walimu ishirini, kisimlaumu waziri peke yake. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mpelekeeni mkurugenzi hesabu hiyo kwa barua, nakala kwa diwani.

Majengo nayo yana mkondo wake. Fedha kubwa za madarasa huja kwa mafungu maalumu: miradi ya serikali kuu, mikopo ya Benki ya Dunia kama ule wa BOOST kwa shule za awali na msingi, mapato ya ndani ya halmashauri, au mfuko wa jimbo unaosimamiwa chini ya mbunge kwa sheria ya mwaka 2009. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, kila darasa shilingi milioni 20; 3,000 kati ya hayo yalikwenda kwenye shule shikizi, zile zinazoanzishwa vitongoji vya mbali ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi. Kijiji kikijenga boma chenyewe hadi kufikia renta, kiwango ambacho halmashauri nyingi zimekuwa zikipewa kulimalizia ni shilingi milioni 12.5 kwa chumba. Ndiyo maana wananchi huhimizwa kuanza na msingi na kuta, kisha serikali ipaue na kumalizia. Utaratibu huo umejenga madarasa mengi. Umeacha pia maboma mengi yenye miti iliyoota ndani, kwa kuwa kijiji kilianza kabla ya kuhakikisha kuwa boma lake limeingizwa kwenye bajeti ya halmashauri. Pateni kwanza uthibitisho wa maandishi kutoka idara ya mipango. Mawe na mchanga vitasubiri.

Mapato ya ndani ndiyo fungu ambalo wananchi wengi hawalijui, na ndilo walilo karibu nalo kuliko yote. Ushuru wa mazao unaolipwa kwenye ghala, ushuru wa mnada wa ng'ombe, leseni za biashara: hizo ni fedha za halmashauri, na sehemu yake inatakiwa iende kwenye miradi ya maendeleo. Halmashauri ya ukanda wa korosho mwaka wa mavuno mazuri haifanani na ile isiyo na zao la biashara. Wanaogawa ni baraza la madiwani, baada ya hoja kupita kwenye kamati zake, ikiwemo Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji na kata huandaliwa miezi mingi kabla. Anayekwenda kumwomba diwani darasa mwezi Juni ameshachelewa. Aende Oktoba au Novemba, akiwa na muhtasari wa mkutano wa kijiji mkononi.

Nani anaongoza, basi? Juu kuna mamlaka mbili ambazo watu huzichanganya. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inashika sera, mitaala na uthibiti ubora, ile kazi iliyokuwa ikiitwa ukaguzi wa shule. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, inashika uendeshaji wa shule zenyewe kupitia mikoa na halmashauri. Wilayani yupo mkurugenzi, na chini yake mkuu wa divisheni ya elimu ya awali na msingi. Katani yupo Afisa Elimu Kata. Huyu hana fedha za kugawa, lakini taarifa zote za shule hupita mezani kwake. Kijijini kuna mwalimu mkuu na kamati ya shule.

Kamati ya shule inatambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Ina wajumbe waliochaguliwa na wazazi, wawakilishi wa walimu na wa serikali ya kijiji, na mwalimu mkuu ni katibu wake. Ndiyo inayojadili mpango wa shule na kupitisha matumizi ya ruzuku. Kunapokuwa na ujenzi kwa utaratibu wa mafundi wa jamii, usiotumia mkandarasi mkubwa, huundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ili anayenunua saruji asiwe yeye huyohuyo anayeihesabu ikishuka kwenye gari. Kwenye makaratasi mpango huu ni mzuri sana. Kwa maoni yangu unapolegea ni kwenye uchaguzi: wazazi hawaji, mwalimu mkuu anateua wanaomkubali, na mwenyekiti anatia saini mihtasari asiyoisoma. Kamati ya namna hiyo haimsaidii hata mwalimu mkuu mwenyewe, kwa sababu mkaguzi akija hana wa kusimama naye.

Michango ndiyo inayozua ugomvi mkubwa. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimu msingi, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Baadaye, mwaka 2022, kidato cha tano na sita navyo vikaingia. Mzazi alibakiwa na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni baada ya malalamiko kuzidi, na tangu hapo walimu wametakiwa wasishike fedha za michango. Wananchi hawajakatazwa kuchangia kwa hiari, na maendeleo ya kijiji bado yanajadiliwa kwenye mkutano wao. Lisiloruhusiwa ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Hilo likitokea, nenda kwa Afisa Elimu Kata siku hiyohiyo, na asiposikia nenda kwa mkurugenzi.

Chakula cha mchana kinahitaji maneno machache zaidi. Kijiji kikikubaliana debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage kwa kila kaya, makubaliano hayo yanabaki kuwa ahadi. Kikitaka kumtoza faini asiyetoa, lazima kitunge sheria ndogo, nayo haina nguvu mpaka iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Watendaji wengi wa vijiji huruka hatua hii, wakakamata kuku wa watu, na mwisho wanajikuta wanashtakiwa wao.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Taarifa za shule zinapaswa pia kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Ukinyimwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuziomba kwa maandishi. Ukiwa na ushahidi wa wizi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi wilayani. Ukiwa na mashaka tu, anza na mkaguzi wa ndani wa halmashauri.

Mkutano ujao usikae nyuma. Uliza mambo matatu na uombe yaandikwe kwenye muhtasari: shule ina wanafunzi wangapi walioandikishwa, benki imeonyesha kiasi gani kwa miezi mitatu iliyopita, na kamati ya shule ilikaa lini mara ya mwisho. Na uchaguzi wa wajumbe wa kamati ukitangazwa, nenda ukapige kura, au ugombee mwenyewe.