Mzazi Yuko Ndani ya Arobaini: Kliniki Bado Inamhusu

Unguja, mjini na mashamba, mwanamke aliyejifungua huenziwa. Hupikiwa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, hufukizwa udi, na kazi za nyumba hubebwa na mama, shangazi na mawifi. Tusiiache mila hii, kwani mzazi anahitaji kupumzika na kushiba. Tunachoomba ni kwamba arobaini isimzuie kufika kituo cha afya.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mzazi na mtoto waangaliwe angalau mara 4: saa 24 za mwanzo, siku ya 2 au ya 3, wiki ya pili, na wiki ya 6. Anayesubiri arobaini iishe ameshakosa mara 3, na hizo ndizo zenye hatari kubwa.

Hatari ya mwanzo ni damu. Kitambaa kikiloa chepechepe kabla ya saa moja kwisha, na cha pili vilevile, msingoje kuche. Anayezalia hospitali huchomwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi mara tu mtoto anapotoka, hata hivyo msiharakishe kumrudisha nyumbani.

Kwa wenzetu wa Tumbatu, safari ni boti hadi Mkokotoni, kisha gari hadi hospitali ya Kivunge, na pengine rufaa ya Mnazi Mmoja mjini. Mimba ikifika miezi minane, kubalianeni: boti ya nani, gari ya nani, nani atatoa damu, nani atabaki na watoto. Baba, ruhusa yako itoe siku hiyo hiyo, mkeo asije akavuja damu huku watu wanakutafuta kwa simu.

Kichwa kikimuuma sana na macho yakiona vimulimuli, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Akikakamaa, wengi hudhani ni shetani. Dawa yake ni sindano, nayo iko hospitali. Dua msomeeni njiani.

Kukanda, maji yawe vuguvugu, na penye mshono pasiguswe. Mtoto anyonye ndani ya saa moja, yale maziwa ya manjano yasimwagwe. Kitovu kibaki kikavu, bila mafuta wala majivu.

Mzazi akiwa na homa, uchafu wenye harufu mbaya au mguu mmoja uliovimba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akilia kila siku zaidi ya wiki mbili, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa shehia yenu. Hupita majumbani, na hilo pia ni kazi yake.