Impela ya mpira au ya chuma?

SWALI: Tunachenjua dhahabu Geita. Impela ya pampu yetu ya tope huisha haraka. Fundi anataka tufunge ya mpira, muuzaji anang'ang'ania chuma cha kromu. Tumsikilize nani?

JIBU: Tazameni chembe. Tope laini lililokwisha kusagwa kinuni ni la mpira: chembe hudunda badala ya kukwangua. Kukiwa na kokoto zenye ncha, mpira huchanika. Dizeli ikivujia kwenye tope, mpira huvimba. Hapo chukueni chuma chenye kromu kama asilimia 27.

Ila mimi ningeanza na mwendo wa pampu. Ulikaji wa impela hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi: mzunguko ukizidi kwa asilimia 10, ulikaji huzidi kwa karibu theluthi. Kama pampu inasukuma zaidi ya mnavyohitaji, badilisheni puli kwanza ili izunguke polepole. Na muuzaji asiyeuliza ukubwa wa chembe, sinunui kwake.