Kompyuta ya Injini ya Dizeli: Soma, Hifadhi, Ndipo Uandike



Somo letu la safari hii ni la mafundi wa gereji, lakini linawahusu pia madereva wa matrekta, mataniboi, na kila anayefanya kazi karibu na injini ya dizeli. Ukisimama kando ya barabara hapa Bugembe, kati ya Jinja na Kakira, utaona matrekta na malori yakivuta miwa, na mengine yakielekea Iganga na Mbale na mizigo mizito. Kila mwenye gari anataka libebe zaidi na lipande mlima upesi.

Zamani fundi aliyetaka kuongeza nguvu alichukua bisibisi na spana, akageuza skrubu ya pampu. Leo injini nyingi zinaongozwa na kompyuta. Ile skrubu imekuwa namba ndani ya faili, na kuzibadilisha namba hizo ndiko mafundi wanakoita kutuni. Kazi hii ina faida yake. Lakini ikifanywa ovyo huua kompyuta, huyeyusha pistoni, na mwishowe mfanyakazi hufukuzwa kazi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndilo jambo kuu la somo hili: usiandike chochote ndani ya kompyuta kabla ya kuhifadhi kilichokuwamo, na kabla ya kuweka katika daftari nani aliyekuagiza.

1. KOMPYUTA HIYO HUFANYA KAZI GANI?

Kompyuta ya injini ni kisanduku cha bati chenye waya nyingi. Hupokea habari kutoka kwa sensa: mwendo wa injini, joto la maji, hewa inayoingia, presha ya tabo, na mguu wa dereva kwenye pedali ya mafuta. Kisha hutazama majedwali ya namba yaliyo ndani yake, na kuamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani.

Katika injini za siku hizi mafuta hukaa tayari ndani ya bomba moja nene linalolisha silinda zote. Mfumo huu huitwa komoni reli. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani iliuweka katika malori ya Hino, na mwaka 1997 Bosch ya Ujerumani ikauingiza katika magari madogo ya Alfa Romeo na Mercedes-Benz. Ile ya Bosch ya mwaka 1997 ilifika presha ya bari 1,350. Nyingi za leo hupita bari 2,000. Tairi la lori hujazwa upepo wa bari 8 hivi. Basi fikiri, ni mara 250 ya tairi!

2. KWANZA LINDA MWILI WAKO

Kabla ya kushika waya wa kompyuta, fundi ajue anasimama karibu na nini. Mafuta yanayovuja kwa presha hiyo huweza kupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo kama tundu la mwiba, na mara nyingi mwanzoni hakiumi sana. Lakini ndani mafuta yanaharibu nyama, na mtu aliyechelewa huweza kukatwa kidole au mkono.

Kwa hiyo:

- Usitafute mvujo kwa mkono, hata ukiwa umevaa glavu. Tumia kipande cha kadibodi.
- Usilegeze bomba la presha injini ikiwa inanguruma. Izime, na ungoje muda uliotajwa katika kitabu cha injini hiyo mpaka presha ishuke.
- Usiguse waya za nozeli injini ikiwa inafanya kazi. Umeme wake huweza kupita volti 80.
- Mafuta yakimpenya mwenzako, mpelekeni hospitali saa ile ile, mkamwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha kubwa. Asipake dawa akarudi kazini. Ajali iandikwe katika kitabu cha ajali siku hiyo hiyo.

Vilevile zuia magurudumu kwa magogo. Wakati wa kuandika programu, feni ya umeme ya rejeta huweza kuanza kuzunguka yenyewe. Mikono na nguo viwe mbali nayo.

3. KUSOMA NA KUHIFADHI

Kusoma ni kunakili kilichomo ndani ya kompyuta. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kwa soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Hii haifungui kitu. Ya pili ni kuitoa kompyuta na kuiunganisha kwa waya juu ya meza. Ya tatu ni kufungua kisanduku chenyewe na kugusa bodi ya ndani. Anza na njia isiyofungua kitu, nenda kwa nyingine tu ukilazimika. Ukilazimika kufungua, gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini mwako ambao wewe huusikii unatosha kuharibu bodi.

Kabla ya kusoma, andika namba zote zilizo juu ya kisanduku, na namba ya programu inayoonyeshwa na kifaa chako. Malori mawili ya aina moja na mwaka mmoja huweza kuwa na programu mbili tofauti. Fundi anayechukua faili la lori la jirani na kulitia katika lake ni kama daktari anayetoa dawa kwa kuangalia shati la mgonjwa.

Soma pia kodi za makosa zilizomo, uziandike. Kama nozeli imechoka au tabo inavuja, tengeneza hiyo kwanza. Kutuni si dawa ya injini mgonjwa.

Mafundi wengi huteleza katika jambo moja. Vifaa vingine haviwezi kutoa kilichomo kwa njia ya soketi. Badala yake huchukua namba ya programu na kukuletea faili la aina hiyo kutoka ghala la kampuni iliyouza kifaa. Faili hilo si nakala ya kompyuta yako. Kama gari lilikwisha kubadilishwa na fundi mwingine, hutajua. Tena halina habari za gari lenyewe, kama vile ufunguo wa kuzuia wizi, na kodi ya kila nozeli. Ndiyo, nozeli za kisasa zina kodi yake iliyoandikwa mgongoni, na kompyuta huitumia kusawazisha mafuta ya kila silinda. Basi soma kitabu cha kifaa chako ujue unapata nakala ya kweli au ya ghalani, na nakala nzima au sehemu tu.

Ukishapata nakala, soma mara ya pili, ulinganishe. Kama sehemu ya programu haifanani katika masomo mawili, waya au umeme una kasoro, usiendelee. Zikifanana, weka faili la asili mahali pawili, moja nje ya laptopu. Lipe jina lenye namba ya gari na tarehe. Usilifanyie kazi hilo kamwe. Fanya kazi juu ya nakala yake.

4. KUANDIKA BILA KUIUA KOMPYUTA

Wakati wa kuandika, kompyuta hufuta kilichomo na kuweka kipya. Umeme ukikatika katikati, hubaki na nusu ya programu, na gari haliwaki. Sisi wa Jinja tunaishi karibu na bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954, lakini kila mmoja wetu anajua umeme unavyoweza kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo fuata utaratibu huu:

(a) Betri ya gari iwe nzima na ijae. Unganisha kifaa kinachotoa umeme usioyumba: kwa gari la volti 12 uwe kati ya volti 13 na 14, kwa lori la volti 24 uwe karibu na volti 27. Chaja ya kawaida ya gereji haifai kwa kazi hii, umeme wake huyumba. Betri ibaki imeunganishwa, ili umeme wa mji ukikatika ishike kazi.

(b) Laptopu iwe na betri iliyojaa na imechomekwa. Izuie isilale na isianze kujisasisha. Tumia waya, usitegemee mawasiliano ya hewani.

(c) Zima taa, redio, feni ya kabati na kila kinachokula umeme. Ufunguo uwe umewashwa, injini imezimwa.

(d) Hakikisha jumla ya hakiki. Hii ni hesabu iliyofichwa ndani ya faili, inayothibitisha kwamba namba zake zimekamilika. Ukibadilisha namba moja bila kusahihisha hesabu hiyo, kompyuta huweza kukataa kuwaka. Vifaa vingi huisahihisha vyenyewe, lakini si vyote.

(e) Ukianza, usiguse ufunguo, usifungue mlango, usimruhusu mtu kupanda. Mwenzako mmoja asimame asiwakaribishe wengine.

(f) Kazi ikikwama, usizime ufunguo wala usichomoe waya kwa hasira. Acha umeme uendelee, soma maneno ya kifaa, jaribu tena kwa utaratibu wake wa kuokoa. Mara nyingi kompyuta iliyokwama huokolewa mezani, kwa lile faili la asili ulilohifadhi. Aliyekosa faili la asili ndiye hununua kisanduku kipya.

Na nyinyi ndugu wachomeleaji, kompyuta hizi huuawa pia na mashine ya kuchomelea. Kabla ya kuchomelea fremu ya lori au trekta, ondoa waya za betri na soketi za kompyuta kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na klipu ya ardhi ibane karibu na pale unapochomelea. Wasafishaji nao wasielekeze maji ya presha kwenye kisanduku.

5. NAMBA ZINAZOBADILISHWA

Namba kuu ni kiasi cha mafuta, wakati wa kupuliza, presha ya reli, presha ya tabo, na mipaka ya nguvu na ya moshi. Mipaka hiyo ndiyo kinga ya injini. Ukiongeza mafuta bila hewa ya kutosha, moshi mweusi hutoka na joto hupanda. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na pistoni nyingi ni za aluminiamu. Gesi ndani ya silinda ni moto kuliko hapo. Pistoni huishi kwa sababu mafuta ya injini na maji huiondolea joto upesi. Ukizidisha joto, kinga hiyo hushindwa.

Badilisha kidogo kidogo, jaribu gari likiwa na mzigo, pima joto la moshi, kisha rudi usome kodi za makosa. Tena ukumbuke: programu huongeza nguvu ya kuvuta, haiongezi breki, klachi wala matairi. Trekta linalovuta tela la ziada la miwa linahitaji kusimama pia.

Wengine huagiza programu ya kuondoa chujio la masizi. Mfanyakazi ajue nani atavuta moshi huo. Mwezi wa Juni 2012 ndipo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilipotangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka kwa wachimba migodi zaidi ya 12,000 wa Marekani, wafanyakazi kama sisi. Basi usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, na usikubali kirahisi kuondoa kinachokulinda.

6. NANI ALITOA AMRI?

Mwaka 2015 iligunduliwa Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen iliandika programu ya udanganyifu katika kompyuta za injini zake za dizeli. Gari likiwa kwenye kipimo lilitoa moshi mdogo, likiwa barabarani lilitoa mwingi kupita sheria. Magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Mwaka 2017 mhandisi James Liang, mmoja wa waliotengeneza injini hizo, alihukumiwa kifungo cha miezi 40 na faini ya dola 200,000. Hakuwa mwenye kampuni, alikuwa mwajiriwa. Kusema "niliagizwa" hakukumwokoa.

Kwetu mambo ni madogo kuliko hayo, lakini njia ni ile ile. Niliwahi kukaa na fundi mmoja mbele ya meneja wake. Aliagizwa kwa mdomo aongeze nguvu ya lori, baada ya wiki chache pistoni ikayeyuka, naye akaambiwa ameharibu mali kwa uzembe. Fundi akatoa daftari: tarehe, namba ya kompyuta, jina la aliyeagiza, na maneno aliyomwonya nayo kuhusu joto. Faili la asili lilikuwapo pia. Mazungumzo yakabadilika, akabaki kazini.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Mchague mjumbe wa chama. Lakini mjumbe bila daftari ni wakili bila ushahidi.

Kwa hiyo kila kazi ya kutuni iwe na karatasi yenye namba ya gari, namba za kompyuta, kodi za makosa kabla na baada, faili la asili limewekwa wapi, kilichobadilishwa, na sahihi ya aliyeagiza. Asiyetaka kutia sahihi, mwambie kwa heshima, "Bwana mkubwa, kazi itangoja."

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Je, gereji yetu ina kifaa cha umeme usioyumba, au tunatumia chaja ya kawaida?
2. Mafaili ya asili ya magari yetu yanakaa wapi, na nani anayajua?
3. Mfanyakazi akipenywa na dizeli leo usiku, gari gani litampeleka hospitali?
4. Nani anatia sahihi kabla ya programu kubadilishwa?

Jibuni kwa pamoja, mkapeleke majibu kwa uongozi wa kazi kwa maandishi. Umoja ni nguvu.