Nani Anakupa Dawa? Mipaka ya Kazi Ndani ya Famasi

Mteja akipokea dawa kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, mara nyingi humwita "dokta", hulipa na kuondoka. Lakini watu wanaosimama kaunta wana mafunzo yanayotofautiana sana, na mgonjwa ana haki ya kujua anahudumiwa na nani.

Tanzania Bara, kazi hii inaongozwa na Sheria ya Famasi, Sura ya 311, ya mwaka 2011. Anayeisimamia ni Baraza la Famasi, ambalo husajili wanataaluma pamoja na majengo ya biashara. Ubora na usalama wa dawa zenyewe uko mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake.

Famasi, iwe ya rejareja au ya jumla, lazima iwe na mfamasia msimamizi. Huyu ana shahada, na ndiye anayewajibika kwa kinachoingia na kinachotoka. Chini yake yupo mteknolojia dawa, mwenye stashahada, kisha mteknolojia dawa msaidizi, mwenye cheti. Msaidizi hupokea mzigo na kuukagua, hupanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itangulie kutoka, huangalia kipimajoto cha friji ya chanjo na insulini kisivuke nyuzijoto 2 hadi 8, huhesabu vidonge na kuandika lebo. Ni kazi nzito. Lebo ikikosewa, mtoto anaweza kunyweshwa dozi ya mtu mzima.

Kwa hiyo simlaumu msaidizi hata kidogo. Ninachokilaumu ni tabia ya kumwacha peke yake, cheti cha msimamizi kikining'inia ukutani huku mwenyewe haonekani. Cheti cha kukodi hakiwezi kugundua kwamba dawa mbili alizoandikiwa bibi mwenye presha hazipaswi kunywewa pamoja. Na kuna kosa kubwa zaidi ya hilo: ndugu wa mwenye duka, asiye na mafunzo yoyote, kukabidhiwa kaunta jioni.

Duka la Dawa Muhimu, yaani DLDM, ni jambo jingine. Mpango huu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini na pembezoni mwa miji wapate dawa karibu. Anayeuza huitwa mtoa dawa; amepitia mafunzo maalumu ya muda mfupi, na orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza ina mwisho. Humo zimo baadhi ya antibayotiki na dawa ya mseto ya malaria. Kuchoma sindano si kazi ya duka hilo. Ukiambiwa "njoo nyuma nikuchome", toka uende zahanati au kituo cha afya.

Kuhusu antibayotiki, usiombe "nusu dozi" kwa sababu hela imepungua, na muuzaji asikukatie. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa najua nusu dozi huombwa na mtu asiye na kitu mfukoni. Mweleze anayekuhudumia hali yako. Huenda ipo dawa ileile ya kiwanda kingine kwa bei nafuu. Mseto wa malaria nao una mpangilio wake: mtu mzima hunywa vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Anayekupa dawa hiyo bila kukueleza saa hizo hajamaliza kazi yake.

Kabla hujaondoka kaunta, uliza: dawa hii inaitwaje, ninywe kiasi gani, kabla au baada ya kula, na nisichanganye na nini? Taja ujauzito, kunyonyesha, na dawa nyingine unazotumia hata kama hujaulizwa. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti yenyewe. Ukihitaji maelezo zaidi, omba kuonana na mfamasia. Kuomba hivyo si ujeuri. Kibali cha biashara na cheti cha msimamizi vinapaswa kuwekwa mahali unapoviona.

Ukitilia shaka duka, tunza pakiti, risiti na dawa iliyobaki, kisha mwone mfamasia wa halmashauri yenu au upeleke taarifa Baraza la Famasi. Dawa yenyewe ikikudhuru, rudi kituo cha afya ukiwa na pakiti hiyo, ili taarifa ya madhara ijazwe na kupelekwa TMDA.