Usingizi unapokimbia baada ya kubadilishiwa goti au nyonga

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mtu aliyeteswa na goti au nyonga kwa miaka mingi hubadilishiwa kiungo, huambiwa kazi imekwenda vyema, naye huondoka hospitalini akitarajia kwamba sasa atalala fofofo. Akifika kwake, Ukunda au Msambweni, usiku wa kwanza hapati hata lepe la usingizi. Wa pili vivyo hivyo. Wiki ya pili ikiingia huanza kujiuliza: "Je, operesheni yangu imeharibika?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Kukosa usingizi katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, na kwa wagonjwa wengi hali hutengemaa polepole kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3. Hata hivyo si jambo la kupuuzwa, kwani ni katika saa hizo za usiku ambapo mgonjwa aliyechoka hufanya mambo yanayoweza kumrudisha hospitalini.

Ni upasuaji gani huu?

Upasuaji wa nyonga kwa mtindo tunaoujua leo ulianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, mwaka wa 1962. Kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika huondolewa na kuwekwa cha bandia, ambacho huzunguka ndani ya kikombe kigumu. Katika goti, ncha za mifupa hukatwa kidogo, zikafunikwa kwa chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu.

Wengi wanaohitaji upasuaji huu ni watu wazima ambao gegedu la kiungo limelika. Lakini hapa pwani tuna kundi jingine: vijana wenye ugonjwa wa selimundu. Damu ikikosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa na kubomoka. Kwa hiyo somo la leo si la wazee peke yao.

Kwa nini usingizi hukimbia?

Sababu ya kwanza ni maumivu na uvimbe. Mfupa umekatwa na nyama zimepasuliwa, na mwili unajitengeneza. Mguu ulioning'inia mchana kutwa huvimba zaidi jioni. Usiku nao umetulia, hakuna mazungumzo wala shughuli ya kumsahaulisha mtu, hivyo maumivu yaleyale huonekana makubwa zaidi.

Sababu ya pili ni dawa. Dawa kali za jamii ya mofini humfanya mgonjwa asinzie, lakini humnyima usingizi mzito na ule wa ndoto. Baada ya siku chache ndoto hurudi kwa nguvu, na baadhi ya wagonjwa hushtuka usiku kwa jinamizi. Hilo ni kazi ya ubongo unaolipa deni la usingizi. Si majini, wala hakuna jirani aliyekuroga.

Sababu ya tatu ni mazoea. Aliyezoea kulala ubavu sasa analazwa chali. Mchana amesinzia mara nne kwenye kochi. Jioni wageni wamekuja kumjulia hali na kukaa hadi saa 5. Joto la kaskazi likiongezeka juu ya hayo, usingizi utatoka wapi?

Hasara yenyewe iko hapa: asiyelala huhisi maumivu zaidi, anayeumia hukwepa mazoezi, na goti lisilokunjwa na kunyooshwa katika wiki za mwanzo hukakamaa. Mtu anaweza kuwa na kiungo kipya kilichowekwa vizuri sana, na bado asiweze kupanda matatu.

Namna ya kulala

Aliyebadilishiwa goti asilale na mto chini ya goti usiku kucha, hata kama anapata nafuu. Goti huzoea kukunjika na baadaye hukataa kunyooka. Weka mto chini ya shavu la mguu na kisigino, goti libaki limenyooka. Ukilala ubavu, weka mto kati ya miguu.

Aliyebadilishiwa nyonga afuate masharti ya daktari wake wa mifupa, kwa kuwa hutegemea upande uliopasuliwa. Kwa kawaida huambiwa asipishanishe miguu, asigeuze unyayo kuelekea ndani, wala asikunje nyonga kupita nyuzi 90. Mto kati ya mapaja humkumbusha hata akiwa usingizini. Uliza masharti hayo yatadumu wiki ngapi, na uulize kabla hujavuka kivuko cha Likoni kurudi nyumbani.

Kitanda cha kamba kilicholegea katikati, au mkeka sakafuni, havifai kwa wakati huu. Tafuta kitanda kigumu ambacho ukiketi ukingoni magoti hayapandi juu ya nyonga. Kikiwa kifupi, inua miguu yake kwa matofali yaliyokaa imara.

Choo cha usiku

Jambo hili huleta ajali nyingi. Mgonjwa mwenye kizunguzungu cha dawa huamka gizani, hunaswa na chandarua, hujikwaa kwenye jamvi, kisha huelekea choo cha nje cha kuchuchumaa. Akianguka, mfupa unaweza kuvunjika kandokando ya kiungo bandia, na kuurekebisha ni kazi ngumu kuliko upasuaji wa kwanza.

Weka kiti chenye ndoo au beseni karibu na kitanda. Ondoa jamvi njiani. Acha taa ndogo au tochi mahali pa kufikiwa, na magongo yawe upande wa mkono. Kunywa maji ya kutosha mchana, kisha upunguze saa 2 kabla ya kulala. Mwenye selimundu asipunguze maji bila kumwuliza daktari wake.

Dawa: meza kwa saa, usingoje uumie

Wengi huvumilia hadi maumivu yapambe moto ndipo wameze dawa. Huko ni kuchelewa. Panga dozi ya jioni itangulie kulala kwa muda wa kama nusu saa. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake.

Usijinunulie diklofenaki dukani ukaongeza juu ya ulizopewa. Inaweza kudhuru figo na tumbo, na ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kukutoa damu. Dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda nayo usiiache kabla ya siku zilizoandikwa.

Vidonge vya usingizi kama diazepamu ni hatari vikichanganywa na tramadoli au mofini: pumzi inaweza kufifia hadi ikakatika. Hatari huzidi kwa anayekoroma sana na kukatwa pumzi usingizini. Pombe, mnazi ukiwemo, huongeza hatari hiyo. Piriton, ambayo wengine huimeza ili walale, inaweza kumchanganya mzee akili na kumfungia mkojo.

Mambo mengine yanayosaidia

Barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala, hupunguza uvimbe. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, wala usilowanishe jeraha. Kukanda kwa maji moto na kuchua kwa mafuta ni desturi yetu ya siku nyingi, lakini mguu uliotoka kupasuliwa usichuliwe wala usikandwe mpaka daktari aruhusu. Kama kuna damu iliyoganda ndani, inaweza kusukumwa hadi mapafuni.

Amka saa ileile kila siku. Keti mahali penye mwanga asubuhi. Usingizi wa mchana uwe mmoja, usizidi nusu saa, na uwe kabla ya alasiri. Fanya mazoezi uliyopewa mchana, si usiku. Kahawa, chai ya rangi, miraa na muguka viachwe kuanzia adhuhuri. Wageni waombwe kwa adabu waje mapema. Na jamaa wapokezane zamu, kwani muuguzi wa nyumbani asiyelala naye huishia kuchanganya dawa.

Wakati wa kwenda hospitali

Maumivu ya kawaida hupungua wiki baada ya wiki. Usingoje kuche ukiona shavu la mguu linavimba na kuuma kupita jana, kifua kinabana, pumzi ni fupi, au unakohoa damu. Vivyo hivyo ukipata homa ya kutetemesha, jeraha likitoa usaha, au ukisikia kiungo kimechomoka na mguu hauwezi kusimama. Kimbilia hospitali iliyo karibu, iwe Msambweni, Kwale au Diani, na useme mara moja kwamba una kiungo bandia na ulifanyiwa upasuaji tarehe fulani. Homa isidhaniwe kuwa malaria tu.

Kama miezi 3 imepita na bado hulali, mwone daktari. Huenda ni maumivu yasiyotibiwa ipasavyo, huenda ni huzuni au wasiwasi, na yote yana matibabu. Kumwambia daktari kwamba hulali si udhaifu. Ni sehemu ya kukitunza kiungo ulichokigharamia.