SOMO KWA WANANCHI: KUTAMBUA NGUO NA VIATU HALISI NA VILE VYA KUGHUSHI KATIKA MASOKO YA HANDENI NA KOROGWE

Mji wa Korogwe umekaa kando ya mto Pangani, katika barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha. Handeni iko upande wa kusini wa barabara hiyo. Wakaazi wa Unguja na Pemba wanaopitia Tanga kwa shughuli za serikali au za biashara huweza kupita maeneo hayo, na aghalabu hurudi na mzigo: jozi ya raba, mkoba wa mke, shati la mtoto. Ndiyo sababu somo hili limetayarishwa kwa kuangalia masoko na minada ya wilaya hizo mbili, ingawa mambo yenyewe ni yale yale Darajani na Chake Chake.

Kwanza inafaa ieleweke nini maana ya bidhaa ya kughushi. Shati lililoshonwa na fundi wa Korogwe bila ya jina lolote si la kughushi. Ni shati halali na pengine ni madhubuti kuliko yote yaliyotundikwa sokoni. Bidhaa ya kughushi ni ile iliyobandikwa jina au alama ya mtu mwingine bila ya idhini yake. Kadhalika, bidhaa hafifu ni jambo jengine. Kitu kinaweza kuwa hafifu lakini kikauzwa kwa jina lake cha kweli.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulielewa kinyume ni hili: nguo ya jina kubwa iliyo halisi hupatikana kwa wepesi zaidi ndani ya robota la mitumba kuliko katika mfuko mpya wa nailoni unaong'ara. Mitumba ilikwishanunuliwa dukani Ulaya au Marekani na kuvaliwa na mtu aliyelipa bei yake kamili. Lakini shati jipya la Lacoste linalouzwa mnadani kwa bei ya kilo chache za nyama halina njia ya kueleweka iliyolifikisha hapo. Upya wake, pamoja na hiyo bei, ndio shahidi wa kwanza dhidi yake. Mitumba nayo haina dhamana kamili, kwani hata huko ng'ambo watu hununua vitu vya kughushi na kuvitoa sadaka.

Mnunuzi na aanze na mshono kabla ya jina. Aigeuze nguo ndani nje. Mshono wa kiwanda makini huwa na hatua zilizo sawa, hauna nyuzi zinazoning'inia, na mistari ya kitambaa hukutana vizuri mfukoni na begani. Mwenye kughushi hutumia fedha yake kwenye alama inayoonekana, akabana matumizi mahali pasipoonekana.

Baada ya hapo ndipo aitazame alama. Mamba wa Lacoste, kampuni iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1933 na mchezaji tenisi René Lacoste, hukaa kifua cha kushoto, na meno na kucha zake hubainika. Wa kughushi mara nyingi hufanana na mjusi aliyevimba. Katika suruali za jinzi za Levi's, vile vichwa vya shaba vilivyopigiliwa kwenye pembe za mifuko vina historia ndefu, kwani hataza yake ilitolewa Marekani tarehe 20 Mei, 1873. Kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma kilifuata mwaka 1936. Hapa pana tahadhari: baadhi ya suruali halisi hazina jina juu ya kitambaa hicho, bali alama ndogo tu ya herufi R ndani ya duara. Asiyejua huikataa iliyo halisi na kuchukua iliyoandikwa jina kwa herufi kubwa. Kwa raba za Nike, lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu huwa na namba ya aina ya kiatu, nayo lazima ilingane na ya kwenye boksi. Herufi YKK juu ya zipu hazithibitishi kitu, kwa kuwa nazo hughushiwa.

Akina mama wa Handeni na Korogwe wana ujuzi wao katika vitenge na kanga, na unafaa kuigwa. Kitenge cha nta huwa na rangi iliyopenya, upande wa nyuma ukakaribia kuwa sawa na wa mbele. Maandishi ya Vlisco ya Uholanzi pembeni mwa kitambaa hunakiliwa mno, hivyo wao huamini vidole kabla ya macho. Lebo ikidai pamba tupu, uzi mmoja uchomolewe pindoni na kuchomwa: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Bila shaka muuzaji aombwe ruhusa kwanza.

Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara hiyo, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza mali za namna hiyo. Mchuuzi mdogo aliyekopa mtaji ndiye huumia zaidi, maana mtengenezaji yuko mbali. Zanzibar ina sheria zake, na alama ya biashara iliyosajiliwa Bara haihesabiwi kuwa imesajiliwa Visiwani. Mwenye alama hupaswa kuisajili pia kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Malalamiko ya mnunuzi wa Unguja au Pemba kuhusu kitu alichouziwa Visiwani hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Mnunuzi anayelalamika huulizwa risiti. Mnadani risiti ni nadra, hivyo ni vyema kumwomba muuzaji aandike kwenye karatasi jina la bidhaa, bei na tarehe, kisha atie saini yake. Muuzaji anayeikataa karatasi hiyo amekwisha kumsaidia mnunuzi kuamua.